Ziara ya Kaya Kinondo

Kila taifa duniani lina mahali ambapo mtu hushusha sauti bila ya kuamriwa. Wajapani wana mahekalu ya dini ya Shinto, na mengi yamezungukwa na vijisitu vya miti mikongwe. Mgeni aingiapo hupita chini ya lango liitwalo torii, huinama, kisha hunawa mikono na kusukutua kinywa kabla ya kufika mbele. Hekalu kuu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013. Mbao huzeeka zikabadilishwa, heshima haibadilishwi. Lakini hatuna haja, msomaji, ya kuvuka bahari ili tujifunze jambo hili. Pwani yetu ya Kenya ina misitu mitakatifu, nayo huitwa kaya.

Mimi ni mwalimu Nyakoe, katika nchi ya Kisii. Huko vilima vimevaa migomba na majani ya chai toka bondeni hata kileleni, na ardhi ni haba hata mti usiozaa wala kuuzwa huhesabiwa kuwa mwizi wa shamba. Aliyelelewa hapo huona msitu kuwa kitu kinachongoja shoka. Kwa hiyo likizo moja nilifunga safari pamoja na walimu wenzangu. Tulikwenda kwa basi mpaka Nairobi, kwa gari moshi mpaka Mombasa, tukavuka Likoni kwa kivuko, tukapita Ukunda na Diani, hata tukafika Kinondo katika Kwale, nchi ya Wadigo.

Wadigo ni mmoja wa mataifa tisa ya Wamijikenda. Wazee wao husimulia kwamba mababu walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakikimbia adui, wakajenga vijiji ndani ya misitu minene ili miti iwe boma lao. Kila kaya ilikuwa na njia zake za kuingilia, na ndani ya ardhi yake kilizikwa fingo, kitu cha siri cha kuwalinda wakazi. Ilipofika miaka ya 1940 watu walikuwa wamekwisha kuhamia mashambani. Nyumba zilianguka, lakini msitu ulibaki kuwa makao ya roho za mababu, chini ya ulinzi wa baraza la wazee.

Kaya Kinondo ni ndogo, hekta 30 hivi, nayo i karibu na bahari. Kabla ya kuingia tulivua kofia, tukafungwa kaniki viunoni, tukaelezwa masharti. Haifai kupiga kelele, wala kufanya mapenzi ya hadharani, wala kutoka na kitu chochote, hata jani kavu. Ndani mlikuwa na kivuli na baridi. Mizizi ilikumbatia mawe ya matumbawe, na mitambaazi minene kama paja la mtu ilipanda ikapotea juu tusikoweza kuona.

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa elimu ya viumbe, aliokota mbegu moja nzuri akaitia mfukoni, maana alitaka kuwaonyesha wanafunzi wake. Mzee aliyetuongoza alisimama akangoja, wala hakugomba. Mwalimu akauliza kwa upole, "Mzee, mbegu moja itaupunguzia nini msitu mzima?"

Mzee akajibu, "Mwanangu, hiyo moja ni yako. Na mwenzako je? Na atakayekuja kesho?"

Mbegu ikarudishwa chini, nasi tukaendelea. Nilitazama huku na huku nikitafuta seng'enge au ukuta. Sikuona. Ndipo nilipofahamu kuwa boma la kaya limejengwa ndani ya watu wenyewe, na kila mtu huingia nalo na kutoka nalo.

Labda utasema, msomaji, kwamba boma la namna hiyo ni dhaifu. Sikiliza basi habari inayounganisha kaya na Kisii yetu. Mwaka 1913 mwanamke wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza, pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, waliwafunga watu kwa kiapo katika Kaya Fungo ili wakatae kazi ya kulazimishwa na kodi ya Waingereza. Oktoba mwaka ule walikamatwa, wakapelekwa kifungoni Kisii, ng'ambo ya pili ya nchi, ili sauti yao isisikike tena. Januari 1914 walitoroka, na yasimuliwa kuwa walirudi kwao kwa miguu, safari ya zaidi ya kilomita 600. Agosti 1914 serikali iliipasua Kaya Fungo kwa baruti. Baruti ilivunja ilichoweza kuvunja, adabu haikuiweza. Wagiriama waliirudia kaya yao, na mwaka 2008 Fungo na Kinondo pamoja ziliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Japani nako kulipita mambo yanayofanana. Kuanzia mwaka 1906 serikali iliamuru mahekalu madogo yaunganishwe, na vijisitu vingi vikakatwa, mbao zikauzwa. Mtaalamu mmoja, Minakata Kumagusu, alipinga kwa kalamu na kwa kinywa, hata mwaka 1910 akatiwa gerezani. Aliona kuwa msitu ukatwapo, viumbe wake hufa, na umoja wa kijiji nao huanza kufa.

Wako watakaosema kwamba kaya ni mambo ya kale yasiyopatana na dini zao. Hilo sitalihukumu. Najua tu kuwa Wadigo walio wengi ni Waislamu, na kaya yao ingali imesimama. Mtu aweza kusali kwingine, na bado akaheshimu kaburi la babu yake.

Hatari ya leo haina mlio kama baruti. Tangu mwaka 1992 sheria imekuwa ikizitambua kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na hilo ni jema. Lakini mwaka 2009 Umoja wa Mataifa, kwa mkono wa shirika lake la elimu na utamaduni, uliziandika mila za kaya kuwa urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Ardhi yatamaniwa, wazee wanapungua, na vijana wanaoketi nao ili wajifunze ni wachache. Sheria yaweza kumwadhibu mkata mti baada ya mti kuanguka. Adabu humzuia kabla hajainua shoka.

Basi wewe usomaye, uwe wa Kisii, wa Kwale au wa kwingineko, mwulize mzee wa kwenu: ni mti gani, chemchemi gani au kilima gani kilichokatazwa kuharibiwa, na kwa sababu gani? Uliza sasa, angali yuko wa kukujibu. Kisha ukipatembelea mahali hapo, tembea polepole, tazama vema, na mbegu uliyoikuta chini iache hapo hapo chini.