Kistari Mwishoni mwa Safu

Maisha yangu ya kazi niliyamalizia katika kiwanda cha chapa mjini Nairobi, nikisoma prufu, na kilichonisumbua zaidi ni ukingo wa kulia wa safu. Safu ya gazeti ni nyembamba. Neno la Kiingereza likikataa kuenea sharti likatwe, kipande kibaki juu na kistari chake, kingine kiteremke.

Wapangaji chapa wetu walikuwa wamelelewa na ba-be-bi-bo-bu. Kwa Kiswahili hawakukosea: silabi nyingi huishia kwa irabu, basi. Kwa mazoea hayo "grasshopper" ilikatwa "gra-sshopper", na "blackboard" ikawa "bla-ckboard". Wakubwa waliwacheka. Mimi sikuona cha kuchekwa, maana vitabu vya kale vya tahajia vya Waingereza wenyewe vilifundisha "ha-bit" na "clu-ster". Ni Mmarekani Noah Webster, mwaka 1783, aliyeshika kwamba neno likatwe linavyotamkwa: "hab-it", "clus-ter".

Kwa maneno ambatani nilisisitiza jambo moja: tafuta kiungo kwanza. "Grass" imekutana na "hopper", kata hapo. Silabi inakubali pia "grasshop-per", lakini hiyo niliipiga wino mwekundu kila nilipoiona. Anayesoma "grass-" mwishoni mwa mstari keshapata nusu ya panzi. Anayesoma "grasshop-" anatafuta duka la majani.

Vijana wapya niliwapima kwa "hothouse". Herufi t na h zimekaa kama sauti moja, kumbe kila moja ina neno lake: "hot-house". "Shepherd" ina mtego huohuo kwenye p na h. Ni "shep-herd", kondoo na mchungaji wake. "Helicopter" ndiyo iliyozua ubishi. Kwa asili ya Kigiriki kiungo kiko kabla ya "pter", yaani bawa, lakini nani atatamka "helico-pter"? Tulikata "heli-copter", wasomi wakanuna.

Kisha zikaja kompyuta. Frank Liang wa Stanford alionyesha mwaka 1983 kuwa ruwaza za herufi zinaweza kupata asilimia 89 ya mikato iliyomo kwenye kamusi. Ni kazi ya kuheshimiwa. Ila ruwaza huona herufi, haimwoni panzi. Kwa hiyo wewe unayeletewa prufu leo, kabla ya kusoma habari yenyewe, pitisha jicho ukingo wa kulia peke yake, kutoka juu hadi chini.