Samaki Mdogo wa Mbudya na Bongoyo

Mtu akisimama pwani ya Kunduchi au Msasani, upande wa Kinondoni, huviona visiwa vya Mbudya na Bongoyo mbele yake. Kandokando ya visiwa hivyo, chini ya maji, pana miamba ya matumbawe yenye wakazi wengi. Leo nataka kuwapasheni habari za mmoja aliye mdogo.

Urefu wake wapata kidole cha mkono. Ni mweupe, mwenye milia mitatu mipana myeusi. Wataalamu humwita Dascyllus abudafur. Hakai peke yake. Kundi zima hushika tumbawe moja lenye matawi kama kichaka. Mchana hutoka kidogo kula vijidudu viletwavyo na mkondo wa maji. Akitokea adui, mara wote wamekwisha kuingia matawini. Usiku hulala humo humo.

Jike akiisha kutaga, kazi ya kulinda ni ya dume. Huyapepea mayai kwa mapezi yake, tena humfukuza kila ajaye, hata aliye mkubwa kumpita yeye, mpaka yaanguliwe baada ya siku chache. Kisha watoto huchukuliwa na maji, na baada ya majuma kadhaa wale waliosalimika hutafuta tumbawe la kukaa.

Basi, tumbawe likivunjwa, samaki huyu hana pa kukimbilia. Na tangu miaka ya 1960 wako watu waliovua kwa baruti katika pwani yetu. Mshindo mmoja huua wakubwa kwa wadogo, na kuvunja matumbawe yaliyokua miaka mingi. Mwaka 1975 Serikali iliviweka Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini kuwa hifadhi, na sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 yakataza baruti.

Huenda mtu akasema, “Samaki huyu haliwi, yanihusu nini?” Na ajue ya kuwa changu na chewa tununuao sokoni hutegemea miamba ile ile. Nyumba ya mdogo ikibomolewa, chungu chetu nacho hupungukiwa.

Kwa hiyo, waalimu, wafundisheni watoto habari hizi. Nanyi akina mama, mkiona samaki nyama yake imelegea na mifupa imevunjikavunjika ndani, ulizeni alivuliwaje, wala msimnunue.