Marumaru za Mahari



Mahari yangu nilikaa nayo miezi saba bila kuigusa. Somo wangu aliniambia ninunue bangili, kwa sababu dhahabu ukiikwama unaiuza, na haina mtu wa kukuuliza. Maneno ya busara. Mimi nikaenda kununua marumaru za jikoni.

Najua kuna mnaotikisa vichwa. Hata mimi kuna siku moja nilitikisa cha kwangu, nimekaa chini sakafuni katikati ya vumbi la grenda, nahesabu vipande vilivyoharibika. Ndiyo siku ninayotaka kukuhadithieni, khasa nyinyi mabiarusi mnaoingia nyumba ambazo hamkuzijenga.

Baada ya harusi tulipewa ghorofa ya pili ya nyumba ya familia ya mume wangu, Mji Mkongwe. Mnazijua nyumba zetu zile: kuta za mawe na chokaa, nene kiasi cha mtoto kukaa dirishani na miguu yake yote ndani, na vyumba vyembamba kwa sababu fundi wa zamani hakuweza kuzidisha upana kuliko urefu wa boriti zake. Tena kichochoro chetu kinapinda, na nyumba imepinda pamoja nacho. Mahali ilipopindia ndipo lilipo jiko. Kwa hiyo meza ya zege, aliyoijenga marehemu baba mkwe, inafuata ukuta wa kwanza, kisha inakunja na kufuata wa pili. Haikunji kwa kona ya mraba kama meza za nyumba mpya. Ni kona iliyofunguka, kama kitabu ulichokiacha nusu wazi. Juu yake palikuwa na plastiki ya maua iliyoungua pembeni mwa jiko la gesi, na chini ya plastiki mende walikuwa na mji wao.

Nilipata boksi tatu za mwisho dukani. Marumaru za sentimita 20 kwa 20, kijani kilichofifia, kama mwani ulioanikwa siku ya pili. Kila boksi zimo 25. Muuzaji alinionyesha namba zilizopigwa ubavuni mwa boksi, moja ya rangi na moja ya kipimo, akaniambia nihakikishe zote tatu zinafanana, kwa sababu mzigo mwingine ukija jina litakuwa lile lile na kijani kitakuwa kingine. Nilihakikisha. Na nilijua maana yake: zikiisha hizi, basi.

Hesabu niliifanya mwenyewe kwenye daftari. Juu ya meza zingekwenda kama 49, mstari mmoja wa kupanda ukutani 16, na ukingo wa mbele wa sentimita tano ungekula tano hivi. Jumla 70. Nina 75. Mafundi husema uongeze moja katika kila kumi kwa ajili ya kuvunjika na kukata, na mimi sikuifikia hata hiyo. Lakini pesa ndiyo iliyokuwa imeishia hapo.

Fundi alikuja Jumamosi asubuhi. Kijana mwenye adabu, amefanya kazi nyingi kwenye nyumba mpya za shamba. Mume wangu alikuwa kazini, kwa hiyo mama mkwe alihamisha kiti chake akakaa mlangoni mwa jiko na cherehani yake ya mkono, ili nisibaki peke yangu na mgeni. Nikiri kwamba sikufurahi. Tangu nilipoingia nyumba ile nilikuwa na hakika hanipendi. Siku nilipomwambia kuhusu marumaru aliuliza swali moja tu, "Kwa pesa gani?" na nilipomjibu alinyamaza, akaondoka.

Fundi alianza kama anavyoanzaga. Marumaru nzima kwenye ukuta wa kushoto, nyingine pembeni yake, twende mpaka konani. "Kona za namna hii ni digrii 135, dada. Kila upande unakata 22 na nusu." Akatega mashine, akakata saba kwa mkupuo, nne za huku na tatu za kule. Alipoziweka konani, mbele ziligusana vizuri. Nyuma pakafunguka mwanya, na ulipofika mstari wa pili nikaweza kutia vidole viwili. Mistari yenyewe pia haikukutana: wa upande wa sinki ulifika konani hapa, wa upande wa jiko ukafika pale, kama meno ya msumeno. Akasema atajaza na simenti nyeupe.

Nilitaka kusema kitu na sauti haikutoka. Biarusi wa miezi saba, ndani ya nyumba ya watu, unamwambiaje fundi kwamba kazi yake siitaki? Nikakaa chini, nikahesabu. 75 zimekuwa 68.

"Baba, ngoja kidogo," mama mkwe akasema kule mlangoni.

Alikuwa anashona kitambaa cha meza, anazungushia pindo. Akainuka na mkasi wake na karatasi ya kaki anayokatia ruwaza. Akamwomba fundi aondoe vipande vyote, akatandaza karatasi juu ya zege, akaibana na kinu, akapitisha penseli kufuata ukingo wa mbele wa meza, huku na huku, kisha ukutani huku na huku. Akaikata. Tukawa na meza nzima ya karatasi. Akaikunja pale konani mpaka ukingo wa mbele wa upande mmoja ukalala juu ya ukingo wa mbele wa upande wa pili, akaupiga mkunjo kwa kucha.

"Huu ndio mstari wako," alimwambia. "Pindo likifika pembeni hulikisii. Unalikunja, linakwambia lenyewe."

Fundi akacheka, si kwa dharau. Akapima kwa kifaa chake: kona yetu ilikuwa digrii 128, si 135. Nusu yake 64. Tofauti ndogo ukiisikia, lakini kwenye meza yenye kina cha sentimita 60 ndiyo ile mwanya ya vidole. Wala si kosa lake peke yake. Alizoea nyumba zilizopimwa, na hii haijapimwa na mtu. Imejengwa kufuata njia ya wapita kwa miguu.

Kuanzia hapo tulipanga kwanza bila gundi. Nawaambia nyote mnaotaka kutia marumaru mahali penye kona mbovu: msikubali gundi ifunguliwe kabla hamjaziona zote zimelala kavu juu ya meza, na vimisalaba vya plastiki katikati. Na muanzie konani, kwenye ule mstari wa mkunjo, mwende nje kuelekea kuta. Ukianzia ukutani, makosa yote yanakusanyika konani, mahali ambapo jicho la kila mgeni linatua. Ukianzia konani, makosa yanafukuzwa mpaka mwisho wa meza, chini ya mtungi wa maji au nyuma ya jiko la gesi. Pande zote mbili zikianza umbali ule ule kutoka kwenye mkunjo, mistari lazima ikutane. Haina namna ya kukosana.

Ila tulipojaribu mara ya kwanza likatokea jingine. Tuliweka mstari wa fuga sawasawa kwenye ncha ya kona. Upande wa sinki, wenye sentimita 163 mbele, zikaingia nane nzima na ukabaki upenyo usiofikia hata sentimita moja. Upande wa jiko, sentimita 104, zikaingia tano na kikabaki kipande cha sentimita mbili na nusu. Kipande chembamba hivyo hakikatiki vizuri, kinapasuka, na hata kikikubali kinaonekana kama kiraka. Fundi akasukuma zote nusu ya marumaru, pande zote mbili kwa pamoja. Sasa ncha ya kona ikawa katikati ya marumaru badala ya kwenye fuga, na mwisho wa meza tukapata kipande cha karibu sentimita 11 huku na 12 na nusu kule. Vipande vya heshima. Kazi ya dakika tano, na ndiyo iliyoliokoa jiko.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Nzima ziwe mbele, za kukatwa ziende nyuma ukutani, kwa sababu ukuta wa mawe una tumbo. Kina cha meza yetu kilikuwa 58 mahali pamoja na 60 pengine, na ule mstari wa kupanda ukutani unafunika aibu hiyo. Kila kipande kikikatwa kiandikwe namba kwa penseli mgongoni. Fuga ziwe za kijivu. Nyeupe ni ya picha. Wiki moja ya manjano na mchuzi wa samaki na utajuta. Pale meza inapokutana na ukuta tulitia silikoni badala ya simenti, maana meza na ukuta havitembei pamoja, na simenti ingepasuka. Na ukutani tuliishia mstari mmoja tu. Nilitamani kupanda mpaka dirishani, lakini ukuta wa chokaa unataka kupumua, ukiuziba unyevu hauna pa kutokea.

Zile saba zilizokatwa vibaya hatukuzitupa. Nne zilitoa vipande vya ukingo wa mbele, nyingine zikaenda mstari wa nyuma.

Fundi alipotoka kwenda kuswali adhuhuri, marumaru zote zikiwa zimelala kavu, mama mkwe akaniita kitini kwake.

"Mwanangu, hizi zikishabandikwa hazibanduki. Unalijua hilo?"

Nikamwambia najua.

"Na nyumba hii si ya mumeo. Ni ya warithi. Mimi nimo, dada zake wamo, na mdogo wake yule wa Muscat yumo. Kesho ikiuzwa, nani atasema marumaru ni za nani?"

Nilibaki kimya. Miezi saba nilidhani alichukia kwa sababu nimejifanya mwenye nyumba. Kumbe alikuwa anaiogopea mahari yangu. Yeye mwenyewe, akanihadithia, aliuza kidani chake mwaka ule baba mkwe alipojenga meza ya zege, na hakuna mtu aliyeandika popote. Marehemu alikuwa mtu mwema, alisema, lakini wema haukuandikwa, na mirathi ilipogawanywa kidani hakikutajwa. Hakukidai. Hakutaka watoto wamwone anamdai maiti.

Sote tunaijua aya ya nne ya Surat An-Nisaa, kwamba mahari ni haki ya mke na mume anakula kile tu ambacho mke amekitoa kwa ridhaa ya nafsi yake. Na tunaijua ile aya ndefu ya Al-Baqara inayotuamrisha kuandika deni. Tunazisoma, kisha tunaona haya kuzitumia ndani ya nyumba, kama vile kuandika ni kutoaminiana. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kwa mume wangu ningetoa bure na zaidi. Lakini hapa sikuwa nampa yeye, nilikuwa nawapa watu sita, na sikuwa nimemuuliza hata mmoja wao, wala sikuwa nimejiuliza mimi kama natoa au nakopesha.

Jioni mume wangu aliporudi, mama mkwe alimkalisha kabla hajabadili nguo. Alisema mbele yangu kwamba marumaru ni mali ya mke wake, na kwamba ama yeye amrudishie thamani yake kidogo kidogo, ama mke atamke kwa hiari kuwa ametoa. Mume wangu alinitazama. Nikasema nusu ni zawadi kwa Mama, kwa sababu ni jiko lake pia, na nusu nakopesha. Akatabasamu, akaenda kutafuta kalamu. Shemeji zangu wawili walitia saini Ijumaa iliyofuata, na yule wa Muscat alisomewa kwa simu, akasema, "Mbona mimi sijaletewa hata picha?"

Fundi alimaliza Jumapili. Tulisubiri siku nzima gundi ishike kabla ya kutia fuga, tukala mikate ya ufuta ya kununua. Zilibaki nne nzima. Nimezifunga kwenye kanga kuukuu na kuziweka chini ya kitanda, kwa siku kinu kitakapoanguka.

Ile meza ya karatasi mama mkwe alitaka kuikatia ruwaza ya mto. Nilimwomba. Sasa imekunjwa kwenye mkunjo ule ule, sandukuni, pamoja na cheti cha ndoa na karatasi yenye saini.