Kuteremka Ngomo: Pikipiki na Uzito wa Mtu

Atakaye kwenda kutoka Bukavu hata Uvira bila kutoka katika nchi ya Kongo, hana budi kupita Ngomo. Ziwa Kivu liko juu, karibu mita 1460 kupita usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko chini, karibu mita 770. Kati ya maziwa hayo mto Ruzizi unashuka kwa kishindo katika korongo lake, na barabara nayo yapaswa kushuka, wala haina ngazi.

Nasimulia barabara hiyo kama nilivyoiona mwaka 2018, kabla vita havijaufikia mji wa Bukavu mwaka 2025. Ukishatoka mjini unapita vilima vya migomba na mihogo, unafika Nyangezi, penye misheni na mashule. Mpaka hapo safari ni njema. Baada ya hapo mlima unakatika ghafula. Upande mmoja ni ukuta wa mawe, upande wa pili ni shimo ambalo macho hayapendi kulitazama. Njia inajikunja kama nyoka. Malori yanapanda polepole yakinguruma, na msaidizi wa dereva anatembea nyuma na jiwe mkononi, tayari kulitia chini ya gurudumu. Wenye magari madogo wengi walichagua kuzunguka kwa upande wa Rwanda, ambako kuna lami. Lakini ukisimama kwenye kona za juu unaona bonde lote la Ruzizi limetandazwa chini kama mkeka: mashamba, mapaa ya mabati yanayong'aa, na mto unaogawa nchi. Joto la bonde linakupanda usoni hata kabla hujafika Kamanyola.

Nilikuwa na mwenzangu katika safari hiyo, mwuguzi wa kituo kimoja cha afya. Watu wa vilimani humwita Muganga, nami nitamwita hivyo. Kila mwezi alikuwa akichukua sanduku la baridi lenye chanjo za watoto, akilipeleka katika vijiji ambavyo gari haliviwezi. Alipewa pikipiki ya njia za udongo, ndefu miguu, yenye mipira ya meno. Mashine ilikuwa nzuri na mpya. Shida ilikuwa moja tu: Muganga ni mtu mkubwa. Yeye, viatu vyake na koti lake vilikuwa kilo 102.

Katika mteremko nilimfuata nyuma, nikaona kwa macho yangu. Kila jiwe kubwa lilipokuja, sehemu ya nyuma ilididimia mpaka mwisho, chuma kikagonga chuma. Kisha ikarushwa juu kama mbuzi anayepiga teke. Kwa kuwa nyuma ilikuwa imezama, gurudumu la mbele lilibaki jepesi; alipokata kona, pikipiki ilitaka kwenda moja kwa moja, yaani shimoni. Tulipofika chini alishuka akishika kiuno.

Jambo hilo lilikuwa limekwisha kuleta maneno. Mkubwa wake wa kazi alisema pikipiki apewe kijana mwembamba, na Muganga abaki kituoni. Watu wakacheka, kwa maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini mama wa vilimani walimjua yeye, na yeye aliwajua watoto kwa majina, na tarehe ya kila sindano. Kumwondoa njiani kulikuwa ni kuvunja kazi ya miaka sita.

Tuliporudi Nyangezi tulimwendea fundi mmoja mzee. Hakucheka. Alisema: « Baba, mashine hii haikukosea, wala wewe hukukosea. Ninyi wawili hamjapimwa pamoja. » Akatwaa kipimo cha fundi seremala.

Tazameni alivyofanya, maana kila mwanafunzi aweza kufanya hivyo. Kwanza aliiinua pikipiki mpaka gurudumu la nyuma likaning'inia, akapima kutoka kitovu cha gurudumu hadi alama aliyotia juu yake karibu na kiti. Pili aliishusha chini, ikasimama kwa uzito wake yenyewe, akapima tena: ilikuwa imezama milimita 45. Tatu alimwambia Muganga apande na vyombo vyake vyote, asimame juu ya vikanyagio, kisha akae. Mtu mmoja akashika usukani. Ikazama milimita 115.

Gurudumu hilo lilikuwa na nafasi ya kupanda na kushuka ya milimita 240. Kanuni ya mafundi ni kwamba mpandaji akikaa, nyuma izame karibu theluthi moja ya nafasi hiyo, yaani milimita 80. Theluthi hiyo si hasara. Ndiyo inayoliwezesha gurudumu kushuka katika shimo, kama vile theluthi mbili zilizobaki zinavyoliwezesha kupanda juu ya jiwe. Muganga alikuwa amekula karibu nusu ya nafasi yote kabla hajawasha moto. Viwanda vingi hutia springi za mtu wa kilo 70 au 75. Aliyewazidi sana hao lazima ajishonee kanzu yake.

Pikipiki ile ilikuwa na springi moja nene chini ya kiti, mahali pa zile mbili za ubavuni zilizozoeleka zamani. Springi moja ya namna hiyo ina historia inayogusa Ubelgiji: Lucien Tilkens, mhandisi wa Liège, ndiye aliyebuni mpango ambao kampuni ya Yamaha iliununua. Mwaka 1973 Håkan Andersson, Mswedi, alikuwa bingwa wa dunia wa mashindano ya njia za udongo, daraja la 250, akiwa na pikipiki ya Yamaha ya mtindo huo. Tangu hapo mtindo ukaenea, hata ukafika Ngomo.

Juu ya springi kuna nati kubwa ya mviringo. Ukiikaza, springi inabanwa na nyuma inainuka. Fundi akaikaza mpaka Muganga akikaa izame milimita 80 barabara. Sisi tukafurahi tukidhani kazi imekwisha. Mzee akatikisa kichwa. Akamshusha Muganga, akapima pikipiki peke yake: ilizama milimita 10 tu.

Hapa ndipo wengi wanapotea, basi sikilizeni vizuri. Kukaza nati hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Kunaibana tu tangu mwanzo. Yule mzito anainuliwa, lakini ugumu wa springi ni ule ule, na jiwe kubwa litaishinda kama zamani. Tena mashine isiyo na mtu inasukumwa juu mpaka mwisho wake, gurudumu halina tena nafasi ya kushuka mashimoni, na nyuma inaruka-ruka. Kwa hiyo, ikiwa na mtu inazama sawasawa, lakini peke yake haizami karibu kabisa, hiyo ni alama ya springi laini mno kwa mtu huyo. Dawa yake ni springi nyingine.

Springi ngumu zaidi iliagizwa kwa mfanyabiashara, ikachukua wiki sita. Ilipofungwa, Muganga alizama milimita 80, na pikipiki peke yake milimita 25. Vipimo vyote viwili vikakubaliana.

Kazi haikuishia hapo. Springi ngumu hurudi kwa nguvu, nayo yahitaji kutulizwa. Kazi hiyo ni ya amotisa, yaani bomba lenye mafuta lililo ndani ya springi. Chini yake kuna skrubu ndogo: ukiizungusha upande wa kulia, mwendo wa kurudi unapungua. Fundi aliizungusha hatua mbili, akasema tuzijaribu kwanza katika mawe. Ikirudi haraka mno, itampiga mtu teke. Ikirudi polepole mno, jiwe la pili litaikuta bado imezama, na la tatu itakuwa imezama zaidi.

Mbele nako hakukusahauliwa, kwa maana katika mteremko mtu akifunga breki uzito wote huenda mbele. Springi za miguu ya mbele zilibadilishwa pia, na mafuta mapya yakatiwa kwa kipimo kile kile katika miguu yote miwili. Mwisho fundi akatazama mnyororo Muganga akiwa amekaa, kwa sababu nyuma ikishuka mnyororo hukazika, na uliokazwa mno huweza kukatika. Sanduku la baridi likatolewa mwisho wa kibebeo, likasogezwa mbele karibu na kiti. Uzito ulio nyuma ya gurudumu huinua mbele, hata kama ni mdogo.

Mwezi uliofuata tuliteremka tena. Mawe yalikuwa yale yale, na shimo lilikuwa lile lile. Lakini pikipiki ilifuata njia. Sikusikia chuma kugonga chuma hata mara moja. Muganga aliongeza hatua moja ya skrubu karibu na kona za chini, akaendelea. Kamanyola tulifika kabla ya adhuhuri, barafu ya sanduku ikiwa nzima, na kiuno cha mtu kikiwa kizima pia. Wiki ile alipanda vilimani akachanja watoto, na yule mkubwa wake hakutaja tena jambo la kijana mwembamba.

Ninyi vijana mnaochukua abiria na mizigo kwa pikipiki, msingoje fundi wa mbali. Pikipiki zenu nyingi zina springi mbili nyuma, nazo zina vidato vya kuzungusha kwa ufunguo. Zungusheni springi zote mbili sawasawa: kidato cha juu mkibeba, cha chini mkiwa peke yenu. Lakini kumbukeni kwamba vidato hivyo vinainua tu, havigeuzi springi laini kuwa ngumu. Na mzigo uliopita kiasi hauna kidato.

Nanyi wazazi na wakubwa wa kazi, kabla ya kusema kwamba mtu fulani hafai kwa chombo fulani, ulizeni kwanza kama chombo kimepimwa naye. Inatosha kuwa na kipimo cha seremala, watu wawili na nusu saa. Barabara kama ya Ngomo haimhurumii mnene wala mwembamba. Yeyote ashukaye na springi zisizo zake yu hatarini katika kila kona.