Upande wa Pili wa Santuri

Katikati ya kila santuri pana karatasi ya duara. Kwenye zile alizotuachia babu, karatasi hiyo imeandikwa jina la wimbo, la mtunzi na la bendi. Aliyepuliza saksafoni hakuandikwa.

Babu alifanya kazi ya ukuli bandarini Dar es Salaam miaka ya sitini. Aliporudi Ipole kufuga nyuki na kulima tumbaku, alikuja na sanduku la santuri kumi na mbili, nyingi za Western Jazz. Bendi hiyo ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende na wenzake waliotoka Jimbo la Magharibi, jimbo ambalo makao yake yalikuwa hapa Tabora. Baada ya uhuru majimbo yakavunjwa na mikoa ikaundwa, lakini jina likabaki kwenye bendi. Mtindo wao waliuita Saboso.

Neno "jazz" kwetu lilikuwa na maana yake. Tabora Jazz, Nuta Jazz, Morogoro Jazz: zote zilikuwa bendi za dansi, zikipiga rumba na chacha kwa magita na ala za kupuliza. Sifa zilienda kwa waimbaji na wapiga gita la solo. Hata leo ukimtajia mzee wa hapa Western Jazz, atakutajia Wema Abdallah au Rashid Hanzuruni, wote wapiga gita. Mpuliza saksafoni alikuwa kama mpishi wa shughuli: watu wamekula wakashiba, wakamshukuru mwenye nyumba.

Si kwetu tu. Mwaka 1960, New Jersey, Tina Brooks alirekodi albamu iitwayo True Blue kwa kampuni ya Blue Note. Ilikuwa hard bop, jazz yenye blues nyingi ndani yake. Alirekodi nyingine pia, lakini hiyo ndiyo pekee iliyotoka kwa jina lake akiwa hai. Alikufa mwaka 1974. Mwaka 1985 kampuni ya Mosaic ikazikusanya rekodi zake na kuzitoa upya, ndipo watu wakaanza kuulizana huyu alikuwa nani. Miaka kumi na moja kaburini, ndipo anaulizwa.

Nyimbo za Western Jazz nazo zimetolewa upya. Mwaka 2012 kampuni ya Sterns ya London ilitoa mkusanyiko wa nyimbo zao. Binamu yangu aliupata kwenye simu, akaja nao kwenye kikao cha familia kama mwanasheria mwenye ushahidi. Shangazi alihitaji kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na mjini Tabora palikuwa na mtu anayenunua santuri za zamani. "Nyimbo zimo humu," binamu akasema, akiinua simu. "Haya madude tunayatunza ya nini?"

Hoja yake ilikuwa na uzito. Jicho la mtu haliwekwi mizani na plastiki. Lakini niliwaomba tusikilize kwanza.

Kwenye santuri ndogo wimbo mrefu haukuenea upande mmoja. Uliimbwa ukakatwa, ukageuza, ukaendelea. Katika ile aliyoipenda babu, mashairi yamo upande wa kwanza. Upande wa pili ndipo waimbaji wanaponyamaza na saksafoni inaingia, taratibu, kama mtu anayebisha hodi akijua yumo. Upande huo umechakaa kuliko ule wa kwanza. Mikwaruzo ile ni ya sindano ya babu, na simu haina mikwaruzo hiyo.

Nikawaza njia iliyopita nchi hii. Wapagazi wetu walibeba pembe na nguo kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo. Wazungu waliosafiri nao wakaandika vitabu, na humo wengi wa wapagazi ni hesabu ya mizigo tu. Hata jina Wanyamwezi, wengi husema tulipewa na watu wa pwani, kwa kuwa tulitokea upande wa machweo, unakoandama mwezi. Vijana wa 1959 angalau walijiita wenyewe watu wa magharibi.

Shangazi ndiye aliyekata shauri. "Uzeni, baba," aliniambia. "Ila ile aliyoigeuza kila siku muiache. Na muandike daftarini kila mlichomsikia marehemu akisema juu ya wale vijana. Nikipona nitataka kusoma."

Tuliuza kumi na moja. Nauli, upasuaji na dawa vikalipwa, na chenji ikanunua daftari la kurasa mia mbili. Hadi sasa tumejaza tisa. Shangazi husoma mwenyewe, bila miwani, na kila anapokuta mahali tulipoandika "mpuliza saksafoni" bila jina, huzungushia duara kwa kalamu nyekundu na kutuma mtu kwa mzee mwingine aliye hai.