Tarumbeta Lililocheka Msibani

Asubuhi ya Julai hapa Gairo si ya kuchezea. Upepo unateremka kutoka milima ya Ukaguru, unapita juu ya viazi vilivyopangwa kandokando ya barabara ya Dodoma, unaingia hadi ndani ya koti. Tromboni iliyolala usiku kwenye chumba cha matofali huamka baridi kama jiwe la mtoni, na hewa ya baridi ndani ya bomba hushusha sauti, hata ufanyeje. Ndiyo maana sisi wapulizaji wa kikundi cha usharika tuna desturi moja inayowashangaza wageni. Tromboni tunaibeba kwenye begi, lakini mausipisi tunaibeba kwapani.

Mausipisi ni kile kikombe kidogo cha chuma kinachokaa midomoni. Ina ukingo unaogusa midomo, kikombe chenyewe, koo jembamba chini yake, na mkia unaoingia kwenye bomba. Mtu asiyepuliza huiona kama kifuniko tu. Aliyepuliza miaka mingi anajua kuwa midomo ndiyo inayotetemeka, na kikombe hicho ndicho kinachoamua upande gani wa mtetemo huo utoke mbele ya watu. Kikombe kifupi huzitanguliza sauti kali za juu. Kikombe kirefu huzituliza, sauti ikatoka nene na laini.

Yangu ya kwanza ilikuja pamoja na tromboni yenyewe, mtumba, imeandikwa 12C. Namba hizo zinatokana na utaratibu wa Vincent Bach, mpiga tarumbeta aliyezaliwa Austria mwaka 1890, akahamia Marekani na kuanza kutengeneza mausipisi New York mwaka 1918. Ukizoea msasa utauelewa upesi, maana namba ikipanda, kitu kinakuwa kidogo. Yenye namba 12 ina kikombe chembamba kuliko ya 6½ au ya 5, na ile C inasema kina chake ni cha wastani, hakina shimo kubwa. Tromboni nyingi za wanafunzi huja nayo, kwa sababu mwanafunzi hachoki haraka na noti za juu zinapatikana.

Kwa harusi haikuwa na mpinzani. Bibi na bwana harusi wako kwenye gari la mbele, sisi tumesimama nyuma ya pikapu, na barabara ni hii ya malori yanayokwenda Singida na mbele zaidi. Dereva wa lori akipiga honi, wewe unatakiwa usikike juu ya honi hiyo. 12C ilikata upepo kama panga lililotoka kunolewa. Watoto walikimbia pembeni, mama wa duka akatoka na khanga mkononi, nami nikaamini kwamba mpulizaji mzuri ni yule anayesikika mbali.

Kisha ukaja msiba. Alifariki mzee wa kanisa, mtu wa watu, na makaburi yako kwenye mteremko usio na mti hata mmoja. Tulipiga nyimbo za kitabu, sauti nne, mimi nikashika besi. Sikukosea noti hata moja. Baada ya udongo kuwekwa na mashada kupangwa, bibi mmoja wa Kikaguru aliniita. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika mkono.

“Mjukuu wangu, ahsante kwa kuja kutuzikia. Ila tarumbeta lako leo lilikuwa linacheka.”

Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali, ningepata la kujitetea. Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa, nikihesabu noti zote nilizopiga sawasawa, na nikiona jinsi hesabu hiyo isivyonisaidia.

Jioni nilikwenda kwa mwalimu wangu. Aliuliza swali moja tu, “Ulipigia ipi?” Nikamwonyesha. Akaigeuzageuza, akasema, “Hii umetoka nayo kwenye pikapu ukaenda nayo kaburini bila hata kuivua viatu.” Akaingia ndani, akatoka na soksi kuukuu. Ndani yake kulikuwa na mausipisi ya kikombe kirefu, namba zimefutika kwa kushikwa. Meno ya mbele ya mwalimu yalikuwa yamekwishahama, na mpulizaji bila meno ya mbele ni kama mlango bila fremu. Yeye alikuwa amerudi kuimba tena. Akaniachia.

Miaka baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mwalimu yule alikuwa amenipa zaidi ya chuma, alikuwa amenipa upande mmoja wa historia. Matarumbeta yaliingia nchi hii kwa njia zaidi ya moja. Njia moja ilikuwa ya kanisa. Walutheri wa Ujerumani walikuwa na vikundi vya kupuliza makanisani, na aliyevitia roho zaidi ni mchungaji wa Bethel, Johannes Kuhlo (1856–1941). Kuhlo alitaka vyombo viimbe kama kwaya ya watu, akapenda vyombo vya sauti laini na mausipisi zenye kina. Kwake yeye, kupuliza kulikuwa kuimba bila maneno. Njia nyingine ilipitia pwani. Huko, tangu miaka ya 1890, vijana wa Kiswahili waliiga bendi za kijeshi wakaunda ngoma ya beni, na baadaye wakagawanyika katika Marini na Arinoti, wakishindana kwa mavazi, gwaride na kelele. Beni haikutaka kuimba kama kwaya. Ilitaka kusikika mtaa wa pili ili wapinzani wajue kuwa umefika. Zanzibar hadi leo beni inasindikiza harusi.

Tromboni yangu ni moja, ila imezaliwa na wazazi hao wawili, na wazazi hawa hawaelewani kuhusu nini ni sauti nzuri. Nadhani watu wengi tuko hivyo. Sauti unayowaongozea watoto shambani siyo ya kuketi nayo kando ya mgonjwa, na bado zote mbili ni zako.

Hapa ingefaa niseme kwamba tangu siku ile nikawa na busara. Wapi. Nilichojifunza msibani nilikielewa kijinga, nikaamua kwamba kikombe kirefu ndicho cha watu wazima na kile kifupi ni cha utoto. Na kama kirefu ni kizuri, kirefu zaidi kitakuwa kizuri zaidi. Nikasikia habari za Denis Wick, aliyekuwa mpiga tromboni mkuu wa London Symphony Orchestra kuanzia 1957 hadi 1988, na ambaye alibuni mausipisi zinazobeba jina lake. Nikaweka akiba kwa misimu miwili ya viazi, nikamwagiza mtu Dar es Salaam aniletee 4AL. Sikujiuliza kwamba mtu yule alikuwa akipuliza akiwa ameketi kwenye kiti, ndani ya ukumbi usioingia upepo, mbele ya watu walionunua tiketi ili wakae kimya.

Ilipofika, iling'aa kama sahani ya sadaka. Haikuingia. Ile L ya mwisho, herufi niliyoipuuza, inamaanisha mkia mnene, wa tromboni zenye bomba pana. Yangu ni ya bomba jembamba, inataka mkia mdogo. Mtu mwenye akili angeirudisha. Mimi nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea, nikamwambia asage mkia kwa tupa. Alinikataza mara mbili, nikamlazimisha.

Jumamosi iliyofuata, juu ya pikapu, tukapita tuta. Tromboni ilibaki mikononi, mausipisi ikabaki midomoni. Nilisimama pale mbele ya msafara mzima nikipuliza kikombe kitupu, kikilia kama mbu. Safari hii aliyecheka hakuwa tarumbeta.

Nimefikiri sana kuhusu ile pesa ya viazi. Iliniuma, ila kilichoniuma zaidi ni kwamba nilinunua jina la mtu nikidhani nitapata pumzi yake. Hata kama mkia ungeingia, kikombe kikubwa kinakunywa hewa, na mapafu yaliyozoea kikombe kidogo huishiwa katikati ya ubeti. Kikombe kirefu hakikupi unachokikosa. Kinakuonyesha tu, mbele za watu, ni kiasi gani unakikosa.

Sasa nina mbili tu, 12C yangu na ile ya soksi. Vijana wetu wananiuliza kwa nini nisiwe na tano, moja ya harusi, moja ya msiba, moja ya pambio, na kadhalika, kama viungo vya pilau. Nawaambia midomo ni nyama, si kofia ya kuvaa na kuvua. Ukibadilisha ukingo kila wimbo, midomo inapotea njia, na wewe utakilaumu chuma. Ukitaka mbili, tafuta zenye ukingo unaokaribiana na kina kinachotofautiana, ili midomo ikae palepale na kitu kibadilike ndani. Na ukijua kesho kuna mazishi, leo jioni ndiyo siku ya kubadilisha, dakika ishirini za sauti ndefu tu, pumzi iizoee nafasi mpya. Msibani hakuna muda wa kuzoea.

Kuna jambo lingine ambalo siwaambii, kwa sababu watalijua wenyewe. Mausipisi unaichagua kwa ajili ya yule atakayesikia. Mpulizaji siku zote anataka ile inayompa raha yeye, na ya harusi inampa raha sana.

Mwaka jana, Julai, tuliitwa kwenye harusi ya kitukuu cha yule bibi. Wiki nzima tulikuwa na misiba, mmoja baada ya mwingine, na asubuhi ile nilitoka nyumbani gizani nikaichomeka ile ya soksi bila kutazama. Tulianza kupiga mlangoni pa kanisa. Sauti ikatoka nene, taratibu, ikatandaa uwanjani kama moshi wa jioni. Wenzangu wakanigeukia. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amefunikwa khanga mbili na sweta, mzee sana sasa. Akanyoosha fimbo yake kunielekea, na sura yake yote ikawa ya utani.

“We mjukuu! Kwani nani amekufa?”

Nikaingiza mkono kwapani.