Polepole Mpaka Kwihara

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai nilitumwa kazi ambayo sikuipenda. Mtoto wa kwanza wa mwalimu wangu wa zamani, anayekaa Dar es Salaam, alinipigia simu usiku akaniambia: "Mdogo wangu, mzee hukusikiliza wewe. Mwambie aache baiskeli. Juzi ameanguka, mkono umevimba, naye ana miaka 71. Sisi watoto tuko mbali. Kama waweza, iuze, fedha umpe mwenyewe."

Nikakubali. Niliona mtoto huyu asema kweli, maana siku hizi barabara za Tabora zimejaa pikipiki, na mifupa ya mzee haiungi upesi kama ya kijana.

Asubuhi, saa moja kasoro robo, nilifika kwake. Kumbe alikwisha amka zamani! Baiskeli yake nyeusi, Phoenix aliyoinunua mwaka 1988, ilikuwa imeegemezwa ukutani. Alikuwa akibonyeza matairi kwa kidole gumba, kisha akajaribu breki ya mbele na ya nyuma, akatia tone la mafuta katika mnyororo. Nikamwamkia: "Shikamoo, Mwalimu." Akaitikia: "Marahaba, mwanangu. Umekuja na baiskeli yako? Vema, twende Kwihara." Basi ujumbe wangu ukabaki mdomoni.

Kutoka mjini Tabora hadi Kwihara si safari ndefu, ni kama kilomita 6 hivi. Kijana mwenye haraka hutumia nusu saa. Sisi tulitumia saa tatu, nami nitawaeleza kwa nini.

Tulipofika barabara ya lami, Mwalimu alishuka. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaisukuma baiskeli mpaka ng'ambo ndipo akapanda tena. Hakuona haya mbele ya vijana wa bodaboda. Tukapita chini ya miembe mikubwa. Miembe hii ndiyo sifa ya Tabora, na yasemwa kwamba mbegu zake zililetwa na watu wa misafara kutoka pwani. Zamani mahali hapa paliitwa Kaze, na palikuwa soko kubwa la pembe za ndovu na, kwa huzuni, la watumwa pia. Reli ilifika hapa mwaka 1912. Kabla ya hapo, mtu wa Tabora aliyetaka kuiona bahari alikwenda kwa miguu muda wa miezi mitatu hivi.

Baada ya miembe, njia ikawa ya mchanga, na hewa ya asubuhi ilikuwa baridi. Mashamba yalikwisha vunwa, yamebaki mabua tu, na karanga zilikuwa zimeanikwa uani. Kila tulipokutana na mtu Mwalimu alipiga kengele kidogo, akasema, "Mwangaluka!" na mtu yule akasimama. Mama mmoja aliyekuwa akichota maji alimweleza kwamba mjukuu wake hakwenda shule juma zima. Mwalimu akamwita mtoto, akamwuliza taratibu, akajua kumbe daftari zimekwisha naye aliona haya kusema. Jambo la daftari mbili tu! Mtu wa gari asingelijua, na hata mimi nisingelijua, maana hupita pale kila juma kwa haraka zangu.

Mbele kidogo tuliingia kwa mzee mwenzake, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, ambaye macho yake yamepofuka. Kabla hatujashuka tukamsikia akisema kutoka ndani: "Leo umechelewa, Mwalimu." Ameijua kengele. Mwalimu akatoa gazeti mfukoni, akavaa miwani, akamsomea habari moja baada ya nyingine, hata bei za mahindi. Walibishana sana juu ya bei hizo, wakacheka. Nilitazama saa yangu mara tatu, kisha nikaona aibu, nikaiacha.

Tukafika Kwihara jua likiwa juu. Hapo pana tembe ambayo sasa ni makumbusho ya Livingstone. Ni nyumba ya udongo yenye kuta nene na ua katikati. Stanley alikuja hapa pamoja na Livingstone mwaka 1872. Mwezi wa Machi Stanley akaondoka kwenda pwani, naye Livingstone akangoja wapagazi mpaka mwezi wa Agosti. Mwaka uliofuata alifariki katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, Susi na Chuma wakiwaongoza, waliuchukua mwili wake. Mwezi wa Oktoba 1873 walipofika Unyanyembe, Mwingereza mmoja aitwaye Cameron aliwashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa, wakaendelea kwa miguu, na mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Tuliketi kivulini, tukanywa maji na kutafuna karanga. Hapo nikatoa ujumbe wa mtoto wake, wote, hata habari ya kuuza.

Mwalimu alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Nilistaafu nikiwa na miaka 60, kama sheria isemavyo. Mwaka wa kwanza nilikaa barazani. Mama yenu alikuwapo, tukazungumza. Alipofariki, nyumba ikawa kimya. Siku moja jioni nikagundua kwamba tangu asubuhi sikutamka neno lolote, wala hapakuwa na mtu wa kumtamkia. Nikaogopa. Kesho yake nikaitoa baiskeli stoo, nikaziba pancha mbili, nikatoka. Mwanangu, mkono uliovimba umekwisha pona. Mkiichukua baiskeli, nitakaa salama kabisa, lakini nitakaa peke yangu."

Sikuwa na jibu. Lakini sikutaka pia kurudi na maneno matupu, maana woga wa mtoto ni wa haki. Nikamwuliza alianguka namna gani. Akakiri kwamba lilikuwa giza la magharibi, akaikwepa pikipiki, na breki ya nyuma imechakaa. Basi tukapatana: awe nyumbani kabla ya saa kumi na moja jioni, lami aivuke kwa miguu, simu iwe mfukoni, breki zibadilishwe, na kiti kishushwe kidogo ili miguu iguse chini upesi akitaka kusimama.

Jioni nikampigia simu mtoto wake, nikamweleza yote, pamoja na habari ya siku ile ya ukimya. Hakuwahi kuambiwa. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza: "Breki mpya ni shilingi ngapi?"

Ndugu wasomaji, wengi wetu tunao wazazi waliostaafu. Twawapenda, na kwa kupenda kwetu twawaambia, "Kaa, pumzika." Kupumzika ni haki yao, lakini kuketishwa si kupumzika. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilishauri watu wazima, hata wenye miaka 65 na zaidi, wapate walau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kila juma. Nusu saa ya baiskeli ya polepole, siku tano, yatosha. Mwenye ugonjwa wa moyo, kizunguzungu au macho mabovu amwulize mganga kwanza. Anayeanza aanze kwa safari fupi, asubuhi, katika njia asiyopita magari mengi, na achukue maji.

Nasi vijana, kabla ya kuficha baiskeli ya mzee, tumwulize kwanza aenda wapi, na ni nani amngojaye huko. Ikiwezekana tupande yetu tumfuate siku moja. Mimi nilikwenda kuichukua baiskeli, nikarudi na deni la daftari mbili, ambazo Jumatatu nilizipeleka.